Kindi Hupigwa Jichoni

Oktoba 9

Mashua ya ushirika imetushusha mchana na kuondoka haraka, maana mto umeanza kuganda kandokando. Tupo baba, mimi, mbwa wetu Naida, magunia ya unga na chumvi, na makasha ya risasi. Mwaka jana mahali pangu alikuwa mama. Tulimzika Mei.

Baba ameingia kibandani, akapapasa ukuta wa magogo mpaka akaupata msumari, akatundika kofia yake. Alinihisi nikimtazama. "Unashangaa nini? Washa jiko."

Oktoba 10

Niandike wazi kwa nini nimeacha chuo muhula huu.

Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anatofautisha mchana na usiku, na shina la mti na hewa. Hataki kwenda hospitali, kwa sababu hospitali itaandika, ushirika utasoma, na bonde hili halitakuwa letu tena. Ushirika humpa bonde mtu anayeweza kupiga. Yeye ni Saveli Jicho. Picha yake imetundikwa ofisini chini ya saa ya ukutani, kwa sababu ngozi za kindi zinazotoka kwetu hazina tundu. Kindi akipigwa tumboni, ngozi yake inafaa kushonea vidole vya glavu tu. Akipigwa jichoni, anavuliwa mzima kama soksi.

Mkaguzi wa manyoya atakuja Desemba. Akigundua, bonde litapewa kijana wa Mzee Nikifor, jirani yetu wa ng'ambo ya mlima, na baba atapelekwa kijijini kulinda magogo.

"Nitafia kwenye kibanda cha mlinzi nikinusa mafuta ya taa," alisema wakati wa matanga. "Unataka hivyo?"

Sikutaka. Kwa hiyo nitapiga mimi, yeye atagonga miti, na ngozi zitakwenda kwa jina lake. Utotoni nilikuwa nikitamba darasani kwamba baba yangu anaweza kumtoa kindi jicho huku akipiga chafya. Ningefanya zaidi ya hili kwa ajili ya mtu huyo.

Oktoba 12

Theluji.

Oktoba 14

Kazi inakwenda hivi. Naida anamfuata kindi kwa pua na sikio, anasimama chini ya mti, anabweka. Baba anaifuata sauti huku mkono mmoja ukiwa mbele ya uso wake, analifikia shina, analigonga kwa kisogo cha shoka. Kindi anashtuka, anazunguka upande wa pili, anaganda kwenye tawi na kuchungulia chini kuona ni nani mwenye kelele. Huko upande wa pili nimesimama mimi.

Nimempiga wa kwanza mgongoni. Baba alimwokota, akampapasa polepole, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hii ni nini?"

"Tundu, baba."

"Huko chuoni wanaitaje mtu anayekata shati jipya kwa mkasi?"

Jioni alimchuna, akaipigilia ngozi ile msumari ukutani juu ya kitanda changu. Alipiga nyundo kwa kupapasa na hakujigonga hata mara moja.

Oktoba 15

Ngozi mbili zaidi juu ya kitanda.

Oktoba 18

Ninamwomba anifundishe. Anajua kila kitu cha msitu: kindi wako wapi upepo ukitoka kaskazini, Naida anadanganya lini, mwerezi upi ni mtupu ndani kwa jinsi unavyoitika shoka. Lakini nikimuuliza jinsi ya kulenga anakasirika.

"Unaangalia, unapiga. Kuna nini cha kufundisha?"

"Wewe ulikuwa unavutaje pumzi?"

"Kwa pua. Kama wenye akili."

Oktoba 21

Kosa langu leo ni la mtu aliyekaa mjini. Jana jioni niliona huruma kuiacha bunduki nje kwenye baridi, nikaiingiza ndani, nikaiweka karibu na jiko. Chuma kilitoka jasho. Asubuhi tulipotoka jasho liliganda ndani ya komeo la bunduki, na kindi aliponitazama na nikafyatua, ilisikika tik, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Nikajaribu tena. Tik.

Baba alisimama upande wa pili wa mti, kichwa kikiwa kimeinama. "Uliiingiza ndani."

"Ndiyo."

"Bunduki inalala nje, chini ya ukingo wa paa, majira yote. Hata mtoto wa miaka mitano hapa anajua."

Tuliporudi aliingia, akafunga mlango kwa ndani, akala supu yote polepole nikimsikia. Kisha akafungua. "Sasa unajua chuma kinavyojisikia kikitoka baridini," alisema.

Nilikaribia jiko. Vidole vilikuwa vinaniwaka na machozi yalinitoka, lakini kwa kuwa haoni nilikaa kimya tu yakatiririka.

Oktoba 25

Jichoni! Wa kwanza. Baba alimpapasa, akasema, "Bahati."

Oktoba 26

Hakuna bahati leo. Ngozi za juu ya kitanda zinaanza kunuka.

Novemba 2

Watatu jichoni, mmoja shingoni. Nimegundua kwamba kitako cha bunduki hii kimekatwa kwa msumeno. Ni kifupi na kinanikaa begani kama kilipimwa kwangu, ilhali baba ana mikono mirefu kama makasia. Nimemuuliza.

"Nilikikata kwa sababu ya koti nene," alisema. "Kula."

Novemba 8

Upepo. Tumekaa ndani. Leo nataka kuandika juu ya bunduki yenyewe, kwa kuwa sikutarajia kuipenda, na sina mtu wa kumwambia.

Risasi yake ina unene wa kokwa ya mwerezi, zile zile wanazokula kindi. Ninabeba za kutwa nzima katika mfuko mmoja na mfuko haulegei. Kukiwa na baridi kali ninaziweka chache mdomoni, kati ya shavu na meno, zipate joto na zipatikane haraka. Nimeshazoea ladha ya risasi, tamu kidogo, kama kijiko cha zamani. Bunduki kubwa ya Mzee Nikifor ikilia, theluji yote ya mti inakuangukia, mbwa wananywea, na bonde zima linajua upo. Hii inalia kama kijiti kikavu kinachovunjwa gotini. Kindi wa mti wa jirani haachi kutafuna. Haisukumi bega. Inafaa kwa ndege wa supu, kwa sungura, kwa mnyama aliyenaswa ambaye hutaki kumharibu kwa rungu. Risasi inaingia na kubaki ndani ya fuvu, na kwa nje mnyama anaonekana amelala.

Watu wa mjini wangeicheka, wangesema ni ya kuchezea watoto. Hawajui kwamba udogo wake ndio ukali wake. Ukiwa na bunduki kubwa unampiga mnyama popote, na bunduki inamaliza yaliyobaki. Hii haimalizii mtu kazi. Inakudai umtazame. Lazima umngoje yule mnyama ageuze uso, akutazame kwa jicho lake jeusi linalong'aa, na umtazame vizuri zaidi ya anavyokutazama. Sijawahi kumtazama mtu yeyote hivyo. Si mwalimu, si yule kijana wa hesabu aliyeniandikia barua mbili.

Inanifaa. Inaua bila kupandisha sauti.

Novemba 9

Watano. Wote jichoni. Baba alipapasa kila kichwa, akatafuta kasoro, akakosa, akasema mkia wa mmoja umelowa.

Novemba 16

Mtegoni kulikuwa na sobol, yule mnyama mweusi mwenye manyoya ghali kuliko vyote. Alikuwa hai. Meno ya mtego yalimshika mguu wa mbele na alikuwa ameanza kujitafuna mwenyewe ili atoke. Aliponiona aliacha kutafuna, akanguruma, mdomo wote ukiwa na damu yake.

"Sikioni," baba alisema. "Na usitetemeke. Ukimtoboa shingo nitakupigilia wewe ukutani."

"Sitetemeki."

"Mama yako asingeweza hili. Alikuwa na moyo wa maji. Nilikuwa nafanya mwenyewe, yeye anageuka nyuma na kulia."

Nilipiga. Mguu ulitingishika kidogo, basi. Nilimfungua mtegoni nikiwa namfikiria mama kwa dharau. Nililiona wazo hilo likija na sikulifukuza: kwamba mimi si kama yeye, mimi ni wa baba. Nilitembea nyuma yake hadi kibandani nikiwa na furaha ambayo leo jioni bado haijaisha.

Novemba 20

Baridi inapasua magogo ya ukuta. Hakuna kazi.

Novemba 24

Mzee Nikifor amekuja kwa mbao zake za kutelezea thelujini, ndevu zimeganda kuwa jiwe moja, akiwa na mkate na samaki waliokauka. Mwezi mzima nilijiandaa kumchukia. Alitikisa theluji mlangoni, akapiga kelele: "Saveli! Bado hujafa? Nimetembea njia yote hii kuja kukuzika!"

"Rudi basi ukachukue koleo."

"Ninalo. Liko kwenye begi na mkate."

Walicheka. Sijamsikia baba akicheka tangu Mei. Tukiwa mezani baba alimimina chai bila kumwaga, akiwa ameweka ncha ya kidole ndani ya ukingo wa kikombe, na Mzee Nikifor akawa anatazama pembeni kwa adabu. Hapo nilijua kwamba anajua.

Baba alipokwenda kulala kidogo, nilitoka kumpasulia mgeni kuni. Naida alibweka karibu, nikachukua bunduki chini ya paa, nikazunguka mti, nikapiga. Mzee Nikifor alikuwa ananitazama kutoka mlangoni.

"Inakukaa begani hapo," alisema. "Ilimkaa Agrafena vivyo hivyo."

"Mama hakuwa anapiga."

Alicheka hadi akakohoa, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Binti, huyu mtu hajakwambia? Saveli hajawahi kupiga kindi jichoni katika maisha yake. Mkono wake unaruka, tangu ujana. Alikuwa anatoboa ngozi kama kichujio, tukimwita Saveli Ungo. Kisha akaoa. Mwaka ule ule akaanza kuleta ngozi safi. Mimi ndiye niliyemwazima msumeno wa kukatia kitako hicho."

"Na watu wote wanajua?"

"Wa milima hii, ndiyo. Ofisini hawajui. Ofisini wanaandika wanachoambiwa."

"Kwa nini hukusema? Kijana wako angepata bonde."

Alitafuna ndevu zake. "Agrafena aliniomba nisiseme. Alinijia na sobol mweusi, akaniwekea juu ya meza. Alimpiga sikioni, safi kabisa. Hakuwa na mchezo, mama yako. Wanyama wote wa mitegoni alikuwa anamaliza yeye. Saveli alikuwa anageuka nyuma."

Nilimaliza kupasua kuni. Nilipasua nyingi kuliko tulizohitaji.

Novemba 25

Kwa hiyo kila kitu baba alichoniambia juu ya mama ni juu yake mwenyewe, na kila alichoniambia juu yake mwenyewe ni juu ya mama.

Ninajaribu kumkumbuka mama akirudi kutoka msituni kila Januari. Sisi watoto tulikuwa tunamkimbilia baba. Tulikuwa tunaning'inia kwenye mikono yake mirefu na kumwomba asimulie, naye anasimulia: alijificha vipi, kindi alichungulia vipi, yeye akavuta pumzi vipi. Mama alikuwa anafungua mizigo. Mara moja baba alikosea kisa, akasema kindi alikuwa upande wa kulia, na mama, akiwa ameinamia gunia, alisema "kushoto." Baba akamtazama. Mama akasema, "Nadhani ulituambia kushoto." Nilimwambia anyamaze, anaharibu. Nilikuwa na miaka saba au minane. Alinyamaza.

Novemba 27

Leo tukipita kwenye miti iliyoanguka kulikuwa na tawi lililovunjika kwa kimo cha uso. Niliinama nikapita. Baba alikuwa nyuma yangu.

Lilimpasua juu ya nyusi. Alisimama akishika damu, akasikiliza.

"Hukuliona?"

"Nililiona."

Aliokota theluji, akaibana kwenye jeraha, akaendelea kufuata sauti ya nyayo zangu.

Novemba 28

Wanne jichoni.

Desemba 1

Nimezing'oa ngozi zote za juu ya kitanda changu na kuzipigilia juu ya kitanda chake. Alilala, akanusa, akanyoosha mkono, akazigusa moja moja. "Hizi ni zako," alisema. "Ndiyo," nikamwambia, "nakupa."

Desemba 4

Ameacha kunikosoa. Ninagundua kwamba ninangoja anikosoe.

Desemba 8

Mkaguzi atafika wiki ijayo, barafu ya mto ikiwa nene kiasi cha kubeba gari la minyororo. Baba ameniweka mbele yake na kunipa maagizo. Kila mwaka mkaguzi akishapokea ngozi huweka koni, tunda gumu la mwerezi, juu ya kisiki, mwenye bonde huipiga, kisha ndipo wanakunywa. Ni mchezo, lakini bila mchezo huo chupa haifunguliwi, na mtu anayekataa atasemwa.

"Utasimama nyuma ya bega langu," baba alisema. "Utashika koti. Ukivuta kulia, naenda kulia. Ukivuta kushoto, kushoto. Ukiachia, napiga. Mtutu nitaulaza juu ya uzio ili usiruke."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Ndivyo inavyofanyika."

"Mama alikuwa anasimama wapi?"

Jiko lilikuwa linaunguruma.

"Nimekuuliza, baba. Mama alikuwa anasimama wapi?"

"Mama yako alikuwa anapika," alisema.

Nilikuwa nimempa nafasi. Naapa ilikuwa nafasi. Angesema neno moja tu ningevuta koti lile maisha yangu yote.

Desemba 14

Wamekuja. Mkaguzi Rodion, mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya ngozi ya mbwa mwitu; dereva wake; na Mzee Nikifor, waliyemchukua njiani na ngozi zake.

Mkaguzi alipuliza manyoya, akageuza ngozi, akatazama kwenye mwanga. "Saveli, wewe si mtu, wewe ni sindano! Angalia hizi. Dereva, njoo uone, hutaona tena."

Baba alitabasamu akitazama mahali ambapo mkaguzi hakuwepo. "Macho ya baba yangu hayo."

"Na huyu binti? Anakusaidia?"

"Anagonga miti. Anajifunza. Mikono ya kalamu, unajua tena."

Dereva alicheka. Mzee Nikifor alitazama chai yake.

Tulitoka. Mkaguzi aliweka koni juu ya kisiki, akarudi akipiga makofi kwa baridi. Baba aliulaza mtutu juu ya uzio, akaweka shavu. Nilisimama nyuma ya bega lake, nikashika koti. Lilikuwa na harufu ya moshi na ya mafuta ya samaki, harufu niliyokuwa nikiikimbilia kila Januari. Mtutu ulikuwa umeelekea mbali kushoto, kwenye theluji tupu. Alikuwa anangoja. Nilihisi mwili wake wote ukiningoja, umenipa uzito wake kama mtoto anayebebwa.

Nililiachia koti.

Alianza kuvuta kifyatulio. Nikasema, kwa sauti ya darasani: "Bado, baba. Koni iko kulia kwako."

Aliganda.

"Kulia zaidi. Zaidi. Umepita, rudi kidogo. Juu, unene wa kidole. Hapo."

Angeweza kuweka bunduki chini. Angeweza kucheka na kusema binti huyu ana utani. Alipiga, na koni iliruka kutoka kwenye kisiki. Ilikuwa shabaha safi ya kwanza niliyowahi kumwona akipiga, na ilikuwa mbele ya watu, na hakuna aliyeshangilia.

Mkaguzi alitembea hadi kwa baba, akapunga mkono mbele ya uso wake. Macho ya baba hayakufuata.

"Tangu lini?" mkaguzi aliuliza.

"Huyu ni mwongo," baba alisema. "Ana chuki. Mama yake kafa, kichwa hakiko sawa."

"Hakujawahi kuwa na Saveli Jicho," nilisema. "Alikuwa Agrafena. Sasa ni mimi."

Mkaguzi akamgeukia Mzee Nikifor. "Wewe ni jirani. Kweli?"

Mzee Nikifor alijua kwamba akikana, binti ni mwongo, baba ni kipofu, na bonde ni la kijana wake jioni hii hii. Alitafuna ndevu muda mrefu. "Kweli," alisema hatimaye, kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Lakini hukuwa na haja ya kumfanyia hivi, binti. Ungemwacha akose, ingetosha."

Mkaguzi aliweka koni nyingine, akanipa bunduki. Niliipiga nikiwa nimesimama, bila uzio. Akaweka ganda la risasi lenyewe, limesimama. Nalo nikaliondoa. Akavua kofia, akajikuna, akasema hajawahi kuandikisha mwanamke, lakini ushirika unahesabu ngozi, hauhesabu ndevu. Bonde limeandikwa kwa jina langu, Taisia binti Saveli, mpigaji. Fomu ina nafasi ya pili, ya mgonga miti. "Nimwandike baba yako, au aje kulinda magogo?"

Wote walimtazama baba. Baba alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

"Mwandike," nikasema.

Chupa haikufunguliwa.

Desemba 15

Hajasema neno.

Desemba 16

Hajasema neno. Anakula nikishamaliza.

Desemba 17

Ninajiuliza nilifanya kwa ajili ya nani. Ningependa kuandika kwamba ni kwa ajili ya mama. Lakini mama alilificha jambo hilo kwa hiari yake na kumlipa jirani ili libaki limefichwa, na mimi nimelitoa uchi kwenye theluji mbele ya dereva. Ukweli ni kwamba nilipoliachia lile koti nilikuwa na utulivu ule ule ninaokuwa nao mnyama akishageuza uso. Nilimtazama vizuri. Nilijua pa kupiga.

Bonde limebaki letu. Alitaka hilo, na amelipata.

Desemba 19

Asubuhi niliamka nikamkuta ameshavaa, shoka mkononi, amesimama mlangoni. Tukatoka. Naida alibweka kwenye mwerezi mkubwa karibu na kijito. Baba aliifuata sauti, akalipata shina, akagonga. Kindi alizunguka, akachungulia. Nikapiga.

Baba alimtafuta kwenye theluji kwa magoti, akampata kabla yangu. Alivua glavu. Alipapasa kichwa kwa kidole gumba, polepole, upande huu na upande ule, muda mrefu, mpaka damu ikaganda kwenye kucha zake. Nilisimama mbele yake nikingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nadhani nilikuwa tayari kumsamehe, au kuomba msamaha, lolote ambalo lingekuja kwanza.

"Jicho la kulia," alisema. Ni maneno yake ya kwanza baada ya siku zote hizo.

"Ndiyo, baba."

Alinirushia kindi kifuani.

"Hapa kope imechanika. Mama yako alikuwa anampiga katikati ya mboni. Risasi inaingia humo na kubaki ndani. Hata kope haichaniki." Alisimama, akajipangusa magoti. "Miaka ishirini nilimwokotea, sijawahi kukuta kope iliyochanika. Wewe unapiga kama mimi."

Theluji ilikuwa inadondoka kidogo kidogo kutoka kwenye matawi. Naida alikuwa ameshaanza kubweka mbele zaidi.

Nilimwambia akagonge mti ule.

Akaenda.